Sinema ya Mutu Aliyeua Akiwa Mbali

Kindu, kambi ya reli

Kwako mudogo wangu Shabani,

Jambo nyingi, jambo ya mukono na ya moyo. Umeamka aje? Tumbo ya muke wako imepona? Mupunga umeota, ao ndege wamekula yote tena? Mimi niko muzima. Mugongo unauma, meno imebaki ine, lakini ku reli hakuna mutu wa rika yangu mwenye kuinama chini ya vagon kama mimi. Miaka yote hii napaka magurudumu mafuta, na vagon niliyopaka mimi hailie njiani. Wazungu wenyewe wanasema: "Kama inalia, si Amisi aliyeipaka."

Mbele ya yote, sikia. Mama Feza, mujane wa yaya yetu Sumaili, mukubwa wetu, musimufukuze. Najua ni mimi njo niliandika katika barua ya mbele, "Mufukuzeni, mumunyanganye watoto, alimupa yaya dawa, akamuua." Ile barua, choma. Kama jamaa wamekwisha kukaa kikao, wakae tena. Soma hii mpaka mwisho, utajua sababu gani mutu kama mimi, nikisema neno halirudi, leo narudisha neno langu.

Siku ya Mungu, saa tisa ya muchana, walifunga milango ya hangari ya mizigo, wakatundika magunia ku madirisha, wakatandika shuka nyeupe ku ukuta. Sinema. Aliyeileta alikuwa na mutafsiri wa miwani, ameshika mikro, anatuelezea kila kintu kwa Kiswahili. Mimi nilikaa mbele kabisa, ku benchi. Nani angeniondoa pale?

Mutu mumoja, mulimaji, anakula ugali wake, anashika tumbo, anaanguka, anakufa. Jamaa wanamufunga muke wake kamba, kwa sababu njo yeye alipika. Polisi anakuja kuuliza, mutu kwa mutu. Na sisi tulimusaidia kwa makelele. "Ni yule wa kofia! Mutazame macho yake!" Mama Mariamu, muke wa masinisti mwenye kuendesha gari la moshi, alishikilia kwamba ni jirani. Nikasimama, nikaambia hangari yote: "Njo muke! Musipoteze wakati. Chakula inatoka mikononi mwa nani?" Watu wakanipigia makofi.

Sasa mwisho wake. Polisi anafungua kikapo cha chumvi, anamupa mbwa, mbwa anakufa. Na chumvi ilitoka wapi? Ilitumwa na ndugu wa marehemu, mwenye kufanya kazi mbali ku migodi, yule yule aliyekuja kilioni akalia kupita wote. Aliichanganya na dawa ya panya, sababu alitaka shamba ya marehemu. Polisi anakimbia kumufungua yule mama. Anakuta jamaa wamekwisha kumupeleka ku mto. Ku shuka tuliona maji tu, yanatembea. Kiisha wakafungua milango.

Hangari ililipuka kwa makelele. Wengine walisema, "Uongo! Mutu iko mbali, anaua namna gani?" Mama Mariamu alimushika mutafsiri shati: "Rudisha sinema nyuma! Mumutoe yule mama majini kwanza, kiisha mutuambie ni nani!" Mutafsiri akasema, "Mama, imekwisha, haina kipande ingine." Akamujibu, "Basi mulikosa kuitengeneza."

Musafiri, mwenzangu wa kupaka mafuta, akasema mwisho ni muzuri. "Mutu wa mbali njo mubaya kupita. Hakuna mwenye kumutazama mikono."

Nikamuambia, "Wewe Musafiri, funga kinywa. Hata mimi niko mbali na kwetu. Nimeua nani?"

"Sijui, muzee. Ulituma nini?"

Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka, mudogo wangu.

Unakumbuka yaya alivyoumwa magoti. Nilienda dispansere, muganga akanipa chupa ya mafuta, harufu yake inachoma pua. Akaniambia mara tatu: "Ya kupaka magoti, asubuhi na magaribi. Kinywani hapana, inaua." Alitaka kuandika karatasi yeye mwenyewe. Nikamukatalia. Nilisema, "Muganga, ku kambi hii mimi najua kuandika kupita wote." Nikaandika, nikabandika ku chupa, nikaituma na gari la moshi.

Kiisha kilio uliniandikia maneno ya Mama Feza: kwamba karatasi ilimwamuru kutia ile dawa katika chakula ya mume wake, asubuhi na magaribi, kwamba aliyemusomea ni muchuuzi wa kupita, amekwenda zake Lubutu, na karatasi yenyewe ilibanduka, haionekani tena. Mimi nikawaka. Nikasema, mwongo huyu, mimi niliandika ya kupaka. Njo pale nilituma neno la kumufukuza.

Kesho ya sinema sikula kintu. Nilichukua karatasi, nikaandika maneno yale yale namna nilivyoandika ku chupa, nikamupelekea Karani Alfonsi wa stasioni. Sikumuambia sababu.

"Soma."

"'Dawa ya kupakua, asubuhi na magaribi.'"

"Soma muzuri."

"Nimesoma muzuri, baba. Kupakua. Kama vile mama anapakua ugali. Dawa gani hiyo ya kupakua?"

"Niliandika kupaka."

"Hapana, baba. Hapa kuna u."

Akafungua sanduku, akatoa karatasi zangu za kazi, za miaka na miaka. Kila moja: Amisi amepakua vagon sita, Amisi amepakua vagon kumi. Akacheka mpaka machozi. "Hapa ofisi tunakushangaa, muzee mumoja anashusha mizigo ya vagon kumi peke yake!" Nikamuuliza kwa nini hakuna mutu aliyeniambia. Akaacha kucheka. Akasema, "Wewe unaambiwaga, baba?"

Basi Mama Feza hakusema uongo. Alifanya nilivyoamuru. Yaya lazima alikataa ile harufu, na muke wake lazima alimubembeleza: kula tu, ni Amisi ametuma, Amisi anajua kusoma. Njo inaniuma kupita yote.

Kambi ingali inabishana juu ya ile sinema. Mama Mariamu amekataa kukanyaga tena hangarini. Wengine wanasema yule ndugu wa migodi hakuwa mutu, alikuwa muchawi, polisi hakuelewa. Wananiita niamue, kwa sababu mbele niliamua yote. Nakataa, wanafikiri nagonjwa. Yule wa sinema alitaka shamba, mimi nilitaka magoti ya yaya ipone. Lakini yule mama wa majini, tofauti hii ingemusaidia nini?

Nimeomba konji, ruhusa ya kuacha kazi kidogo, nije mwenyewe, wamenikatalia mpaka mwezi mupya. Siwezi kungojea mwezi. Barua hii naituma ku mukono wa masinisti mpaka Kibombo. Ikifika, ita jamaa yote, isomwe kwa sauti, na musiruke pahali kwa kunionea haya. Wengine watasema, "Amisi anamutetea juu anataka kumurithi." Waambie simurithi, hata mukinipa. Wengine watasema sina shahidi, karatasi imepotea. Waambie hivi: tangu tumbo ya mama yetu, nani alisikia Amisi akisema amekosa? Hata siku moja? Basi leo nasema. Niliua yaya Sumaili kwa mukono huu. Ushahidi gani tena wanataka?

Na kama amekwisha kutolewa, wewe Shabani ufunge safari, umufuate mpaka kwao upande wa Kailo, hata kwa miguu, umurudishe pamoja na watoto wake. Kama hamuna budi kufukuza mutu, mutu iko hapa Kindu, kambi ya reli, nyumba ya tatu toka bomba ya maji.

Salamu kwa muke wako. Salamu kwa shangazi yetu mwenye macho mabaya, mumuambie sauti yangu ingali ile ile. Salamu kwa shemegi yetu fundi wa mitumbwi, na kwa mwalimu atakayewasomea jamaa hii barua. Mwalimu, usiogope makosa: Alfonsi ameisoma nyuma yangu, herufi kwa herufi. Ni mara ya kwanza naachia mutu afanye hivyo.

Mama Feza usimupe salamu yangu. Musomee tu, pole pole, kiisha ungojee kama ana neno la kunijibu.

Mimi ndugu yako,
Amisi, mupaka mafuta