Maandishi ya Mlango wa Basi

Mjukuu wangu Zuhura, huko Japani,

Asalaam alaykum. Huku tuko wazima, ila mama yako amekuwa mkali tangu uondoke.

Unauliza kama kweli babu yako anasoma Kijapani. Wakati wa vita vya hapa kwetu niliendesha basi dogo lililotoka huko. Maandishi ya mlangoni hatukuyafuta, ili abiria wajue gari halijachoka. Uchungu wa kukuzaa ulipomshika mama yako pale mtaani kwetu Nyakabiga, alikataa kupanda twende hospitali kwa kuogopa risasi za njiani.

“Soma mlango,” nikamwambia. “Wameandika: anayepanda atafika.”

“Muongo we, papa! Hata Kirundi inakushinda kusoma!”

Akacheka, akapanda. Tukafika, ukazaliwa.

Nimetia humu picha ya ule mlango. Kama wameandika duka la samaki, usinifiche. Mwambie na mama yako, acheke tena.

Babu yako, msomi wa milango