Dawa Uliyonikataza Kuitaja

Mwalimu Bakari,

Nakusalimu kwa Kiha chetu: mwakeye. Ni mimi Konsolata, msaidizi wako wa maabara. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na mkeo bado yumo edani pale Rusimbi. Nilitamani nikuandikie habari njema. Sina.

Unakumbuka siku tulipozamia kwenye miamba, ukabandua kipande cha sifongo, kile kiumbe cha kijani kinachoganda juu ya jiwe kama ngozi? Ulinipa ninuse, nikataka kutapika, ukacheka. "Asiye na miguu wala meno, Konso, hujilinda kwa sumu." Tulikisaga, tukakiloweka kwenye spiriti, tukadondosha tone kwenye sahani ya vijidudu vya vidonda. Kesho yake pale penye tone palikuwa peupe. Vyote vimekufa. Mimi nikarukaruka. Wewe ukafunga mlango kwanza.

"Usimwambie mtu. Kuua kijidudu kwenye sahani si kumponya mtu. Hata moto unaua."

Nilinyamaza mwaka mzima, Mwalimu. Nikaja kusema kwenye matanga yako. Mdogo wako Saidi alikuwa analia kwamba umeondoka bila kuacha kitu, nami, sijui ni uchungu au ni majivuno, nikamwambia: "Kaka yako ameacha dawa. Iko kwenye mawe ya ziwa." Nikamwonyesha na picha kwenye simu.

Akaacha kulia papo hapo.

Haikupita muda, chupa zikaonekana sokoni Ujiji. Zina sura yako, ile picha ya miwani, na maandishi: Dawa ya Mwalimu Bakari, vidonda, presha, sukari. Nilimfuata. "Saidi, hiyo ni sumu, haijapimwa kwa mtu." Akatabasamu. "Dada, si wewe uliyeniambia?"

Nilizamia kutazama. Miamba yetu imekwanguliwa kwa panga, mitupu, na hata samaki wadogo waliozoea kutuzunguka sikuwaona. Nilitoka majini haraka, sijui nilikuwa nakimbia nini.

Kisha akaja mkulima mmoja wa Simbo mpaka mlangoni pa maabara, amebebwa. Alikuwa akimiminia kidonda chake dawa ile. Mguu ulikuwa mweusi mpaka gotini. Unajua alichokuja kufanya? Kushukuru. "Sisikii maumivu tena," alisema. Hospitali waliukata.

Ijumaa nikaenda kumsalimia mkeo. Nilimkuta ameketi mkekani, chupa iko kando yake, imebaki nusu. Vidonge vyake vya presha havijafunguliwa. "Nikiinywa," aliniambia, "naona kama Bakari ndiye ananitibu." Ulimi wake ulikuwa mzito. Nusu ya maneno sikuyasikia. Niliita majirani, tukambeba.

Yu hai, Mwalimu. Mkono wa kulia hauinuki.

Pale kitandani hospitalini, Saidi akiwa amesimama miguuni, nilimweleza mkeo yote: sahani, katazo lako, na mdomo wangu siku ya matanga. Nilingoja anitukane. Alinitazama sana, kisha akauliza polepole, neno moja moja: "Na wengine je?"

Saidi aliinamisha kichwa. Mzigo wa chupa za Kalinzi, kule milimani, alisema, umepanda na pikipiki tangu asubuhi.

Kwa hiyo kesho naenda Kalinzi. Sijui ni nyumba ngapi huko juu, wala ni wangapi wameshafungua. Watanikasirikia, mtu akiwa na mgonjwa ndani hapendi kunyang'anywa tumaini. Lakini nitaingia kila mlango, nitataja jina langu kabla ya lako, niseme ni mimi niliyetoa siri na kwamba wewe ulikataza. Na kila chupa nitakayoikuta nitaimwaga, nibandue sura yako.

Hilo nakuahidi. Msamaha sikuombi leo, mpaka nirudi.

Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu.

Konso