Madoa Kwenye Hadubini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Jana nilikukumbuka nikiwa kazini, mpaka kazi ikasimama.

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka ufukweni kwetu kutoka Burundi na Zaire, wewe ndiye uliyewapima damu pale zahanati, ukitafuta malaria. Foleni ilifika nje hadi kwenye vichanja vya dagaa. Kila mmoja ulimsalimu "Amahoro", ukamtoboa kidole kwa upole, kisha ukaiinamia hadubini yako. Na maji ulikuwa unayanywa bila kukoma, mama akikutania, "Baba Zaituni, tuachie ziwa kidogo!" Tulicheka sote. Mpima damu za watu, na yako mwenyewe hukuipima hata siku moja. Mganga hajigangi, kweli.

Kisha madoa yakaanza. Nilikuletea ugali wa muhogo na samaki wetu migebuka mchana, ukanivaa mzima mzima: "Nani kashika hadubini yangu kwa mikono ya migebuka?" Mimi? Wallahi sikuigusa! Ukafuta kioo kwa leso, ukakifuta tena, ukaandika barua ya kuomba hadubini mpya. Nilinuna siku mbili, na nilikuwa na haki ya kununa.

Siku ya tatu ulinikuta ufukweni napaa samaki. Ukasimama unatazama maji yanavyong'aa. "Zaituni," ukasema taratibu, "madoa yamenifuata mpaka ziwani." Sijawahi kuogopa vile. Kumbe sukari ilikuwa imeshaharibu vimishipa vya nyuma ya macho yako, damu inavujia ndani. Mwaka haukuisha, ukawa unanitambua kwa sauti tu.

Baba, nami nimekuwa mpima damu. Na sukari ninayo, kama wewe. Siku hizi tunahesabu hata chembe nyeupe, wale askari wa mwili. Kwa mgonjwa wa sukari, hesabu yao ikienda kombo, huenda kuna moto unaowaka ndani kwa ndani, na vimishipa vya macho ni miongoni mwa vinavyoungua. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, lazima jicho lenyewe limulikwe. Lakini Subhanallah! Tone la kidoleni ni damu ileile inayopita nyuma ya jicho, nalo linakuja na habari za huko. Miaka yote hii, bado mwili unanisisimka.

Jana asubuhi nikaona doa. Mkono ukaenda kwenye leso, nikauzuia. Nikageuka kuutazama ukuta mweupe, doa likaja nami.

Sikufuta kioo, baba. Nilivua koti, nikaenda kwa daktari wa macho palepale. Akanimulika jicho moja, kisha la pili, ndipo akasema, "Umewahi, mama. Hili tunalitibu."

Nililia. Na machozi yangu niliyaona kwa macho yangu, moja moja, yakidondokea mapajani.

Pumzika sasa, kioo kilikuwa safi siku zote.

Binti yako,
Zaituni wa mikono ya migebuka