Godoro Ulilolalia na Nailoni Yake

Mtani wangu Osmundi,

Salamu sikupi. Mngoni mla panya hasalimiwi akiwa hai, sembuse akiwa chini ya udongo. Ninyi watu mmezoea kukimbia, tangu huko kwa Wazulu mlikotoka mnakimbia, na safari hii umekimbia ukaniachia kesi peke yangu. Sasa tulia unisikilize. Huna pa kwenda.

Mazishi yako yalikuwa mazuri kuliko ulivyostahili. Tulikutoa Tunduru juu ya lori la mizigo, wewe ndani ya sanduku la mbao mbichi, mimi kando yako nimekalia godoro lako la sponji, na njia nzima ile nailoni yake ikipiga kelele kila gurudumu lilipotumbukia. Barabara unaijua. Tulipofika kwenu Bombambili ulikuwa umeanza kunuka. Nakwambia kwa sababu wengine wote watakuficha. Padri mwenyewe alifupisha mahubiri.

Lile godoro bado linaniudhi. Unakumbuka siku tulipokwenda kulichagua? Wewe walikuwa wamekupunguza kazini kwenye ghala la tumbaku, mimi korosho zangu kule Namasakata hazikuwa na mnunuzi wa maana, na mji mzima ulizungumza habari za vito vya Tunduru. Anayekwenda kupiga kambi machimboni anahitaji sururu, koleo, kamba, sufuria na kitu cha kulalia. Kwenye cha kulalia ndipo ulipoharibu. Nilikuambia chukua kirago. Kirago cha matete unakikunja, unakitia begani, chini unatandika nyasi kavu, kikilowa unakianika, basi. Ukanicheka. Ukasema Wayao tumezoea kulala chini kama korosho zilizodondoka.

Ndiyo kwanza maduka yalikuwa yamejaa. Miaka michache nyuma godoro la sponji lilipatikana kwa kibali na kwa kujuana. Sasa yalipangwa hadi barazani, ya bluu na ya maua, na kila mpita njia akiyabonyeza kwa kidole bila kununua. Wewe ulibonyeza kwa ngumi. Ukanusa. Ukajilaza juu ya moja pale mlangoni, miguu ikaning'inia nje, mwenye duka akakupigia kelele uvue viatu. Kisha ukatoa mfukoni uzi wa katani wenye fundo, ukaanza kupima upana. Nikakuuliza unapima kaburi. Ukasema unapima hema. Hema gani? Tulikuwa na turubai la kuazima! Ukachagua pana, la kulaza watu wawili, nikakusema mbele ya mwenye duka kwamba umeshajiandalia mwanamke wa machimboni. Ulijitwisha godoro lako, ukaondoka.

Kambini ukawa kichekesho. Nailoni hukuivua. Wenzetu waliolala juu ya magunia walikuita Bwana Harusi, maana kila ulipogeuka ililia chakara chakara ikatuamsha wote, na asubuhi mgongo wako ulikuwa umelowa jasho. Mvua ikiingia, ulisimama umelibeba kichwani mpaka ikatike, mimi na kirago changu tumeshalala. Nilikuuliza nailoni ya nini. Ukajibu, "Nataka lifike nyumbani jipya." Nikadhani ni ubahili tu, maana Wangoni mkono wa birika ninyi.

Halafu kuta za shimo zikaporomoka. Hilo sikusimulii, ulikuwepo.

Kaka yako Anselmi alikuja kutoka Dar es Salaam na pikapu ya ofisini, tai shingoni, wewe umeshazikwa. Alilia vizuri, kwa leso. Siku ya kuanua matanga akatangaza kwamba nguo zako wagawane vijana, na godoro atalichukua yeye, kwa kuwa mwanawe anaanza shule ya bweni. Hakuna aliyepinga, ndiye mkubwa. Mama yako alikuwa amekaa chini ukutani. Tangu sanduku liliposhuka kwenye lori hakuwa amesema neno, wala kulia hakulia.

Nikatumwa chumbani kwake kulitoa godoro, maana ndiko lilikohifadhiwa. Hapo nikakiona kitanda chake cha kamba, na magunia mawili ndiyo tandiko. Nikalisogeza godoro kando ya kitanda, nikatazama upana, nikajua uzi wa katani ulikuwa umepima nini. Mjinga wewe. Ungesema! Ungesema tu, mimi nisingekutania kwa hilo. Ningekutania, lakini kidogo.

Ningemweleza Anselmi? Msibani neno la mtani ni kichekesho; hata akisema nyumba inaungua, watu watashika mbavu. Basi nikatumia nilichokuwa nacho. Unaijua haki yetu, tangu mababu zangu na zako walipoacha kupigana: mtani huingia kwenye msiba akachukua anachotaka, akamwigiza marehemu, akatukana, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia mpaka akombolewe. Nilikuwa nimeshalala kaburini mwako kabla hujashushwa, nikagoma kutoka mpaka baba yako mdogo akanipa kuku.

Walipolipakia godoro, nikapanda nyuma ya pikapu, nikalala juu yake, nikageuka. Chakara chakara. Watu wakaanza kucheka. Nikakuigiza unavyobonyeza kwa ngumi dukani. Nikakuigiza unavyotafuna panya na mkia wake. Anselmi akacheka kidogo, akatazama saa. Ndipo nikakuigiza ukiwa shimoni. Nikaweka viganja mdomoni, nikaita kwa sauti yako, "Rashidi, vuta!", nikajifunika uso kwa ile nailoni, nikatupa miguu. Waliocheka wakacheka, wengine wakageuka pembeni. Mbele ya mama yako, ndiyo. Ulitaka nifanyeje?

Anselmi akanizaba kofi.

Baba yako mdogo akauliza taratibu, "Umempiga mtani? Msibani?" Huyo alikaa mjini mpaka akasahau kwao, Osmundi. Wazee wenu wanaamini kwamba anayempiga mtani msibani amechimba kaburi la pili kwenye ukoo, na lazima alipe kabla watu hawajatawanyika. Wakataja mbuzi. Nikasema mbuzi mtamnyonga ninyi halafu mtamla ninyi. Mimi nataka godoro hili lirudi ndani kwa mama, na alibebe yeye. Akalibeba kichwani, tai imempinda, akina mama wakimzomea mpaka mlangoni. Nilifurahi. Nilimtazama alivyodhalilika nikafurahi sana, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi.

Tukalitandika. Likaenea kitanda chote, huku na huku, hata kidole hakikupata pa kupita. Baba yako mdogo alipoona hivyo akavua kofia. Anselmi akatoka bila kuaga, pikapu ikaondoka tupu.

Mama yako akaingia, akaketi juu ya godoro, akanitazama. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akauliza, "Aliita hivyo hivyo? Vuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukavuta?"

"Nilivuta, mama."

"Sasa mbona kamba ilikuja tupu?"

Watu waliojazana mlangoni walikuwa wananitazama mimi. Nikacheka. Ningefanya nini? Nilicheka nikapita katikati yao, nikazunguka nyuma ya choo, nikatapika yule kuku wa kaburini na vyote nilivyokula kwenu.

Machimboni sijarudi. Napakua mahindi sokoni hapa Songea, na kila Jumamosi nakwenda Bombambili. Mama yako anasonga ugali, tunakula, ananiuliza habari za nyumbani Namasakata. Godoro analilalia na nailoni yake. Nilitaka kuivua akanipiga mkono. Nikisimama kuaga, ananiuliza lile swali. Hapandishi sauti. Ananiuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, halafu anangoja. Wenzangu sokoni wananiambia niache kwenda, mama huyo atanimaliza. Zipo Jumamosi ninazofika njia panda nikasimama, miguu haitaki. Lakini hana mwingine wa kumuuliza, na mimi sina mwingine ninayetaka anisamehe.

Buriani, mtani wangu. Sikukulilia, na sitakulilia, maana ungenicheka. Ahadi ninayo moja tu: nitakwenda Jumamosi hii na nyingine, mpaka atakapochoka kuuliza au mmoja wetu akufuate. Nitamjibu jibu lile lile. Yeye haniamini, na aliyekuwa upande wa pili wa kamba ni wewe peke yako.

Nilivuta, Osmundi. Wallahi nilivuta.

Rashidi