Nilivyoandika Uongo juu ya Matete

Uvira, mwanzo wa kiangazi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za binti yako kutoka huku kaskazini ya ziwa. Je, magoti yanakuachia uende shambani, au bado unayalazimisha? Na baba mdogo, kikohozi kimempungua? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu. Siku moja moja risasi husikika milimani, kisha soko linafunguliwa tena na watu wanauliza bei ya unga. Barua hii anakuletea sista mmoja aliyepata nafasi kwenye mashua ya Kalemie, maana hatujui lini nyingine itaruhusiwa kushuka. Kaka Amisi atakayekusomea, tafadhali asiruke mistari.

Uliniuliza anthropolojia ni kazi gani, kwa kuwa majirani wanasema napima vichwa vya watu. Sipimi. Kazi yangu ni kukaa na watu mpaka nielewe wanavyoishi, ili wenye mipango ya mazingira wasiwaamulie mambo wasiyoyajua. Ndivyo mkataba wangu unavyosema. Sasa ngoja nikusimulie nilivyoharibu.

Karibu na mdomo wa mto Ruzizi kuna matete mengi, na samaki huzalia humo. Wanawake huyakata wasuke mikeka na kujenga nyua, na tangu vita viwalete watu wa vijiji vya Mutarule na Katogota, familia nyingi zinakula kwa matete hayo. Mradi ulioniajiri uliona upande mmoja umebaki mtupu. Ukanituma nichunguze kama wanawake wana utaratibu wowote wa kukata. Kama hawana, wangekatazwa kabisa.

Nilikwenda kwa mzee wa kijiji. Walinipa kiti pamoja na wanaume, mimi mademoazeli, binti msomi wa universite, na nilijiona mtu kweli. Wanawake walikaa mkekani nyuma yetu. Nilimuuliza mzee, akajibu kwamba wanakata tu wanapotaka. Nikawageukia wanawake, wakatazama chini. Nikaandika kwamba hawana utaratibu. Mama, wengi wao wameolewa na wana wa mzee huyo na wa ndugu zake! Mimi niliyekuona miaka yote ukinyamaza mbele ya babu mzaa baba, nilishindwa kutambua wanawake wanaponyamaza mbele ya baba mkwe wao. Hata sasa naona aibu.

Aliyenizindua ni mmoja wao, Mama Sifa. Alinikuta mtoni nikifua, siku chache baada ya ripoti kusomwa, na marufuku ilikuwa imeshapangwa kuanza mwezi unaofuata. Hakunigombeza. Alisema, "Minye sikuweza kusema mbele ya baba-mukwe. Weye ulikaa ku kiti, ukatupatia mugongo. Kuya kesho na mupanga, utaona."

Nilikwenda, na vidole vyangu bado vina makovu ya majani yale. Wamegawa matete vipande, na kila kipande kina mama anayekichunga. Kilichokatwa hakiguswi mpaka kitoe maua tena, na matete yanayosimama majini hawayakati kamwe, kwa ajili ya samaki. Nikauliza kwa nini basi upande huu umebaki mtupu. Mama Sifa akaonyesha kwa kidevu. "Pale iko bariyeri ya basoda. Bipande byetu mingi iko ngambo. Tangu mwaka yenye ilipita tunakata hapa tu." Niliyoyaandika kuwa uharibifu wa wanawake yalikuwa yameletwa na bariyeri, kizuizi cha askari njiani.

Nilimwambia mkuu wetu kwamba ripoti yangu ni ya uongo. Akajibu kwamba imekwisha kutumwa, na anayeiondoa aondoke nayo. Niliogopa sana, Mama, huku kazi hazipatikani. Lakini nisingeweza kuwapita wanawake wale kila asubuhi nikiwasalimu. Nikasema naiondoa, ila nikaomba mkutano mmoja kule kule kwenye matete. Kwanza nilimwendea mzee kumwomba asifike, ili wanawake waweze kusema. Alicheka, akakubali, akasema siku ile alijibu kwa sababu aliulizwa, na mwenye nyumba hawezi kuwaambia wageni kwamba hajui.

Siku ile wanawake walimtembeza mkuu kipande kwa kipande, wakasema mpaka mkono wake ukachoka kuandika. Marufuku imefutwa. Wazee na watu wa mradi wamepatana na kamanda wa bariyeri kwamba wanawake wapite asubuhi mbili kwa juma. Wanapita kwa woga, lakini wanapita, na ile sehemu tupu imeanza kuchipua.

Nisalimie baba mdogo, shangazi mwuza dagaa, na mwalimu aliyenifundisha darasa la sita. Wakiuliza habari za kazi, waambie imekwisha, na nitarudi mashua zitakaporuhusiwa. Kabla sijakabidhi ofisi niliandika ripoti mpya, nikaweka majina ya wanawake wote walionitembeza, na langu la mwisho. Mkuu aliyasoma yote, akafuta moja tu, langu. Nililia, Mama. Kisha nikaisoma tena ripoti ile toka juu hadi chini, nikaona haikupungukiwa na kitu.

Ni mimi mtoto wako ninayekukumbuka,
Mwayuma