Gasketi Niliyoikata Mwenyewe

Elerai, Arusha
Jumatano

Mdogo wangu Nalepo,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kwa mkono wa dereva wa Noah ya abiria, pamoja na maharage na maziwa mgando, na vyote vilifika bila kumwagika. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka sabini na moja. Goti la kushoto ndilo linaloniamsha siku hizi badala ya jogoo. Wewe je, kifua kimepoa? Na shemeji Tajeu anazinywa zile dawa, au bado anazificha chini ya godoro na kukwambia amemaliza?

Barua yako nimeielewa. Unasema Tajeu anaona siku zake ni chache, na Jumamosi wazee wa ukoo watakaa hapo kwenu Oldonyo Sambu agawe shamba akiwa bado ana sauti. Unasema ameamua shamba lote apewe Sankale, na ndugu yake Simel asipate hata upana wa kitanda, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kutunza injini ndogo hata ardhi itamshinda. Na unasema anataka mimi, mjomba wa vijana hao tena ninayejua mashine, nije niwaeleze wazee upya jinsi Simel alivyoiua mashine ya kikundi, ili pasiwe na manung'uniko akishazikwa. Mwishoni umeongeza mstari mmoja, kwamba wewe kama mama huna la kupinga, ila unaniomba nikimsema mwanao nimseme kwa upole. Mstari huo nimeusoma hadi nimeukariri.

Unajua ugonjwa wangu, siwezi kusema jambo bila kuanzia mwanzo. Nivumilie.

Unakumbuka kiangazi cha mwaka juzi, ng'ombe walipokuwa wakilala wanashindwa kusimama. Kikundi chenu cha akina mama kilikuwa na ile mashine ya kukatakata mabua, na Simel ndiye mliyemwamini kuiendesha. Injini yake haizidi ukubwa wa ndoo, lakini ililisha maboma kumi na manne. Ilipoanza kuvuja oili ubavuni, mwenyekiti wenu Mama Magreth alitaka ipelekwe gereji Kimandolu. Mimi nikamcheka. Nikamwambia injini si uchawi, mwenye akili na spana anaifungua mwenyewe. Tangu nistaafu ualimu nilikuwa nimetengeneza pikipiki yangu na pampu ya jirani, na nilishajiona daktari.

Ubavuni mwa injini ile kuna mfuniko wa chuma. Chuma kwa chuma hakizibi sawasawa, kwa hiyo katikati huwekwa karatasi ngumu maalumu, ndiyo gasketi, ili oili isipite. Ya zamani ilichanika nilipoufungua mfuniko. Nikashuka mjini kwa Hatim, yule muuza spea rafiki yangu. Akapekua makasha yote, akasema saizi hiyo imekwisha, mzigo unafika Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia nitaikata mwenyewe. Hatim akacheka hadi miwani ikamshuka. Akasema Mwalimu wewe karatasi unazozijua ni za mitihani, zinazuia watoto kupita, oili ya moto hazitaizuia, subiri Jumatatu. Nikamjibu kwamba yeye ni mfanyabiashara, lazima aseme hivyo.

Nikachukua jalada la faili nililotoka nalo shuleni. Nikalilaza juu ya mfuniko na kuligonga pembeni kwa nyundo ndogo, polepole, mpaka kingo za chuma zikalikata zenyewe. Ilitoka nzuri kama imetoka kiwandani. Simel, aliyekuwa amenishikia mfuniko, aliniuliza kwa adabu kama karatasi ile ni ya aina inayotakiwa. Nikamwambia fizikia aniachie mimi, yeye kazi yake ni kupima oili kila asubuhi. Injini ikawaka, haikuvuja tone. Mama Magreth alipiga kigelegele, na akina mama wakanivisha shuka nyekundu.

Siku ya kumi na nne injini ikanoki. Simel alinipigia simu. Alisema asubuhi ameipima oili mbele ya watu, ilikuwa kwenye alama, lakini ilipofika saa sita akaona vumbi la mabua chini ya mashine limelowa, na kabla hajaizima ikajifunga. Nilikuja kesho yake, Ijumaa, nikaliona vumbi lile, nikasema oili hiyo imetoka injini ilipovunjika. Kisha nikaipakia injini kuja nayo Elerai niichunguze, na Jumapili mkaniita niwaeleze.

Ulikuwepo, lakini acha nikukumbushe. Tulikaa katika darasa la watoto, nyuma ya kanisa, na lilikuwa na ubao. Mtu kama mimi ukimweka karibu na ubao! Nilichora pistoni, nikachora ule mkono unaoiunganisha na kranki, nikaeleza jinsi chuma kikisuguana bila oili kinavyopata moto, kinavimba, kinaumana. Halafu nikawauliza kama darasa: je, oili ndani ya injini iliyofungwa inaweza kupotea yenyewe? Mkajibu kwa pamoja kwamba haiwezi. Na kama haipo, maana yake nini? Mama Magreth akasema maana yake haikuwekwa. Simel alikuwa amesimama mlangoni, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nilimwambia ashushe mkono, sijamaliza.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mtamba wake uliuzwa kulipia vyuma vipya. Mnadani wakimwona na kikombe cha chai walimwuliza kama ameshapima oili. Tajeu akamwita mzembe mbele ya wadogo zake. Wazazi wa Nice, mchumba wake, wakasema binti yao hajakosa mchumba hadi aolewe na mtu asiyeweza kutazama kijiti cha oili. Naye Simel akaondoka, na sasa anachunga ng'ombe wa watu huko Simanjiro, hakupigii simu, na wewe unakaa unajiuliza ulimlea vibaya wapi.

Hukumlea vibaya, Nalepo. Injini ile niliifungua Jumamosi, siku moja kabla ya kikao.

Nilikuwa peke yangu uani. Nilipoutoa mfuniko nilikuta gasketi yangu imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na upande wa chini imepasuka mahali pa kupitisha kidole. Hapo ndipo oili ilipotokea, yote, ikanywewa na vumbi la mabua, kama Simel alivyosema. Alisema kweli neno kwa neno. Niliijua kweli hiyo saa ishirini na nne kabla sijashika chaki.

Niliiweka karatasi ile mfukoni, nikaenda kwa Hatim. Mzigo wake ulikuwa umeshafika zamani. Aliiweka gasketi mpya juu ya kaunta na kuniambia Jumatatu imefika, Mwalimu. Tangu siku ile sijakanyaga dukani kwake. Nikihitaji plagi nanunua kwa watu wasionijua.

Utaniuliza kwa nini. Nimejipa majibu mengi, na yote nimeyaeleza vizuri sana, ndiyo maana siyaamini. La kweli ni fupi. Nilikuwa nimevaa shuka yenu. Sikutaka Mama Magreth aseme kumbe gereji ya Kimandolu ingekuwa bora. Kati ya jina langu na la mwanao nikachagua langu, nikidhani yeye ni kijana, lake litaota tena.

Ndani ya bahasha hii, kwenye mfuko wa plastiki, utaikuta gasketi yenyewe. Usiioshe. Pembeni kuna maandishi ya penseli, kwa sababu penseli haifutwi na oili. Yanasema Kidato cha Tatu, Fizikia, na chini yake kuna majina mawili yaliyokatika. Mwandiko unaufahamu, ndio uliokufundisha kuandika. Mpe Tajeu aishike. Kisha ipitishwe kwa wazee mmoja mmoja, na Mama Magreth aitwe aione, na barua hii isomwe yote, hata pale panaponiuma. Mtafuteni Simel huko Simanjiro arudi kabla ya Jumamosi, asimame mbele, si mlangoni.

Mimi nitakuja. Sijifichi nyuma ya karatasi. Nimeitanguliza kwa sababu najijua: nikifika mikono mitupu nitaanza kueleza, na nikieleza mtaniamini tena. Kwa hiyo barua iwe imeshasomwa nitakapoingia, na Simel ndiye aseme kwanza. Mimi mniulize tu kama ni kweli, nijibu ndiyo. Nikiongeza neno la pili, mninyamazishe. Na tafadhali, mtu asinipe chaki.

Shuka nimeifua na kuikunja, dereva anayo. Irudishe kwa Mama Magreth.

Msalimie Tajeu, umwambie asinisamehe haraka kwa sababu ya ugonjwa. Msalimie Sankale, ambaye hana kosa lolote katika haya. Wewe sijui nikusalimu vipi. Miaka miwili umenitumia maharage, nami nikala.

Ni mimi kaka yako,
Sifaeli