Firimbi Juu ya Kafi

Nchelenge, Jumatatu

Baba mpendwa,

Kabla sijauliza habari zako, nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Miaka yote uliyofundisha timu ya kampani ya migodi huko Elisabethville, mimi sijatazama mechi yako hata moja mpaka mwisho. Mlidhani nimekaa upande wa jua pamoja na watoto wa kambi. Nilikuwa nyuma ya ukuta, karibu na wanawake wauza karanga, nimeupa uwanja mgongo, kitabu juu ya magoti. Sikuhitaji kutazama. Nilisikiliza sauti za watu tu. Tukishinda, waliita majina ya wachezaji. Tukishindwa, waliita jina lako. Nilikuwa mdogo nilipolitambua hilo, na tangu siku ile miguu yangu ilikataa kuuzunguka ule ukuta.

Unisamehe kwa kuanza hivyo. Hali yako je? Kikohozi cha Mama kimepungua? Na bibi, Nkambo wetu, mguu wake unamruhusu kufika kanisani? Mimi ni mzima wa mwili. Bukari, ugali wetu, ipo na samaki wapo, na walimu wa misheni wanasema Kiingereza changu kinaendelea vizuri, ingawa nikiitwa kusoma mbele ya darasa sauti inanipotea.

Maneno yako yalinifikia kwa nahodha wa boti la samaki la Wagiriki. Aliyatoa ufukweni mbele ya watu wote, kama mtu anayetangaza bei: "Mutoto wa shule! Baba yako anakusalimu! Bamemutoa ku timu! Muzungu mupya njo anashika timu sasa, yee bamemurudisha ku karakana!" Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Sikuwa nimevaa viatu.

Alisema pia kwamba unauliza kama ni kweli timu ya wavuvi wa huku inatafuta mwalimu, na inamlipa mshahara. Na kwamba umesema watu wa ziwa ni watu wa Mama, hawatakufanyia kama kampani ilivyokufanyia. Baba, nafasi ipo. Ba Yama, kaka yake Mama, ndiye mwenyekiti wa timu, naye anakutaka sana. Kwa hiyo sina budi kukueleza nafasi hiyo ilipatikanaje.

Aliyeishika alikuwa Mwalimu Donati, mtu wa Albertville. Alikuja mwanzo wa kiangazi na sanduku moja la mbao, akapewa chumba nyuma ya duka la Ba Yama, jirani na changu. Alikuwa mpole, mwenye meno mawili ya mbele yaliyovunjika zamani uwanjani. Jioni alitandika mkeka wa kuanikia samaki, akapanga punje za mahindi juu yake, akawaonyesha wachezaji nani asogee wapi. Siku moja kuku alipita akamdonoa beki wa kushoto akammeza. Wachezaji walicheka mpaka wakalala chini. Donati akasema, "Mumeona? Hata kuku anajua pale njo kwenye shida yetu." Beki wa kushoto mwenyewe, Mumba, alicheka kuliko wote.

Nilikwenda mazoezini kila jioni na kitabu changu. Mazoezini hakuna watu wa kupiga kelele, kwa hiyo niliweza kutazama. Nakuambia kweli, Baba, timu ile ilibadilika. Walianza kupeana mpira bila kuangaliana. Golikipa wao, Chola, alijifunza kutoka golini kwa wakati wake, jambo ulilokuwa ukilisema nyumbani kila siku hadi Mama akakuomba utuache tule.

Lakini wachezaji wa timu hii ni wavuvi. Wenye nyavu ndio wanaomlipa mwalimu, na wenye nyavu haohao ndio wenye wachezaji. Usiku wa Jumamosi watu wako majini, maana Jumatatu boti la Wagiriki linakuja kuchukua samaki. Jumapili asubuhi wanavuta nyavu, mchana wanacheza mpira. Kipindi cha kwanza walicheza kama Donati alivyowafundisha. Kipindi cha pili walisimama. Siku moja nilichungulia kati ya vichanja vya samaki, nikamwona Chola kwa macho yangu akipiga mwayo huku mpira unampita.

Donati alikwenda kwa wenye nyavu akawaomba usiku mmoja tu, ule wa Jumamosi, kwa wachezaji wake kumi na mmoja. Bwana Mulenga, mwenye nyavu nyingi kuliko wote, alimkaribisha kiti, akamwitishia chai, kisha akamjibu: "Mwalimu, timu ni yako. Usiku ni wetu."

Sasa nikueleze desturi moja ya huku, kwa sababu Donati hakuijua, na wewe huijui. Kila mtumbwi una kapitao. Yeye ndiye anayesema wavu utupwe wapi. Wavu ukitoka mtupu mara tatu mfululizo, kapitao haulizwi kitu. Wakifika ufukweni, yeye mwenyewe anasimika kafi lake, yaani kasia lake, mchangani mbele ya wenzake, anaondoka bila neno, na mwingine analing'oa. Hakuna matusi, hakuna ugomvi. Yule aliyeondoka anatembea kidogo tu juu ya mchanga, anafika kwa mwenye wavu mwingine, na jioni ileile anaingia majini. Watu wanaona ni desturi ya huruma, na kwa kapitao ni ya huruma kweli.

Timu ilishindwa mara tatu mfululizo. Mara ya tatu nilikuwa nyuma ya vichanja vya samaki na kitabu changu, nikasikia sauti niliyoijua tangu utoto. "Donati! We Donati!" Hawakuita jina la mchezaji hata mmoja.

Siku iliyofuata wenye nyavu walikutana pale wanapotengenezea mitumbwi. Ba Yama alinichukua, akawaambia, "Huyu mwipwa wangu anakaa kwenye mazoezi kila jioni. Atatuambia kama mwalimu anafanya kazi." Walizungumza Kiswahili ili Donati asikie, maana Kibemba chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Unanijua, Baba. Lakini nilisema: "Anafanya kazi. Wachezaji wanajua la kufanya. Ila hawalali."

"Hawalali kwa sababu ya nani?" akauliza Bwana Mulenga.

Nikakishika kitabu changu kwa mikono miwili.

"Sema, mutoto wa shule. Kitabu kinasema nani?"

"Kwa sababu ya nyavu," nikasema.

Mmoja akapiga makofi akacheka. "Yangu mayo! Kumbe ni nyavu zetu njo zinafungwa magoli!"

"Huyu mutoto amefundishwa," akasema mwingine. "Mwalimu anaogopa kusema yee mwenyewe, anatumia kinywa cha mutoto wa batu."

Wakanung'unika wote. Nilitaka kusema kwamba sikufundishwa na mtu, kwamba nimeona kwa macho yangu, lakini sauti ilikwisha. Nilikuwa nimekwenda kumkinga, na neno langu ndilo walilomshikia. Donati hakunikasirikia. Aliweka mkono begani kwangu, akauacha pale mpaka mwisho.

Kisha Bwana Mulenga akasema kwa upole kabisa, kama anavyomkaribisha mtu chai: "Basi, mwalimu. Simika kafi."

Donati akatabasamu. Alidhani ni mchezo. "Kafi gani? Mie sina mutumbwi."

Wakampa kafi la Ba Yama. Akalisimika mchangani vibaya, likaanguka, akalisimika tena. Wakamwonyesha firimbi iliyokuwa shingoni mwake. Akaivua, akaitundika juu ya kafi, bado anatabasamu na yale meno yake yaliyovunjika, akitazama uso mmoja baada ya mwingine akingoja kuambiwa kinachofuata. Hakuna kilichofuata. Watu walianza kuondoka, wengine wakimpa mkono, wakimtakia afya. Hapo ndipo alipoelewa, na tabasamu lake lilikawia kutoka usoni kuliko alivyotaka.

Nilimsaidia kubeba sanduku hadi kwenye boti. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu. Akasema, "Hapana, mutoto. Ulisema vizuri. Ila ona: kapitao anavuka muchanga tu, anapata mutumbwi mwingine. Mie navuka ziwa lote, na kule ng'ambo habari itafika mbele yangu." Boti lilipowashwa alinipungia mkono mara moja, kisha akanigeuzia mgongo akakaa juu ya sanduku.

Firimbi iko dukani kwa Ba Yama, imetundikwa juu ya lile kafi, nyuma ya magunia ya chumvi. Kila anayeingia kununua chumvi anaambiwa, "Ile inangoja shemeji yangu wa Elisabethville."

Baba, nimelifikiria jambo hili mpaka masomo yamenishinda. Kampani ilikutoa kwa barua, na wewe uliweza kuikasirikia. Hawa watakutoa kwa mikono miwili, watakuuliza habari za watoto, na hutakuwa na mtu wa kumkasirikia. Watakupa timu lakini hawatakupa wachezaji, kama vile kampani ilivyokupa timu na kuwapeleka wachezaji wako shimoni zamu ya usiku. Nilidhani huku ni tofauti. Nilitaka sana huku kuwe tofauti. Sasa sijui mahali popote ambapo mwalimu wa mpira anahukumiwa kwa kazi aliyoifanya, na kama mahali hapo pako, si hapa.

Usije. Nakuomba kama mtoto anavyoweza kumwomba baba yake. Lakini nimekujua tangu kuzaliwa, na najua kwamba huko karakanani unatazama nje kila unaposikia mpira ukidunda. Najua utakuja.

Nisalimie Mama, umwambie dada zake wa Kafutuma wamemwekea mihogo mikavu, ataipata boti likirudi. Nisalimie Nkambo, umwambie bado nasali kabla ya kula. Mdogo wangu Astrida asiguse vitabu vyangu, au aviguse, lakini avirudishe. Na mzee Kalonji wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akikuletea maji ya moto kila tukishindwa, mpe mkono wangu.

Imebaki kukueleza nilichofanya baada ya Donati kuondoka.

Ijumaa nilikwenda kwa Ba Yama, nikamwomba nishike kafi la Chola kwenye mtumbwi wake usiku wa Jumamosi. Alinishika viganja akavigeuza. "Mikono ya karatasi!" akasema, akamwita mke wake aje aone. Nilimwambia nataka kujifunza kazi ya watu wa mama yangu. Alifurahi, akakubali. Chola alilala kwao usiku mzima. Mimi nilitapika mara mbili, wenzangu wakaniimbia kwa dhihaka, na kamba ya wavu ilinichuna vidole, ndiyo maana unaona mwandiko wangu leo umekuwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Jumapili timu ilicheza bila mwalimu. Sikuweza kwenda. Nilikaa mchangani, mgongo kwenye mtumbwi, uso majini, na usingizi ulikuwa unanichukua niliposikia watu wakiita: "Chola! Chola!" Nikajua tunashinda. Nililia, Baba, na nilidhani nalia kwa furaha.

Jioni Ba Yama alirudi anaimba. Bwana Mulenga alikuwa naye. "Umeona, mwipwa?" akaniambia. "Kafi limesimikwa, samaki wamerudi! Mwalimu mubaya akienda, timu inapona." Wakapeana mikono. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba Chola alilala, kwamba ni hilo tu. Bwana Mulenga alinitazama akingoja, kwa upole wake uleule. Nikafunga kinywa, kwa sababu mara ya kwanza nilipowaambia, niliona walilifanyia nini neno langu.

Leo asubuhi Ba Yama ameniamuru nikuandikie kwa jina lake kwamba uje kabla ya mvua, chumba kipo na firimbi ipo. Nimeiandika barua yake neno kwa neno kama alivyosema. Nimeiweka chini ya hii, ili usome hii kwanza. Kisha nilimtafuta Kabwe, rafiki yangu wa darasani. Anaogopa maji kuliko mimi, lakini amekubali. Tumekwenda wote wawili kwa Ba Yama kuomba nafasi za Jumamosi ijayo, mimi ya Chola, yeye ya Mumba, yule beki wa kushoto, ili ukija ukute angalau wawili wamelala. Ba Yama amecheka, akatukabidhi makafi mawili mafupi.

Mimi mtoto wako,
Leonardi